Uliza Tujibu: Kalamu iko mkononi, herufi imekimbia

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu hapa, kwamba siku hizi Wachina wengi wanashindwa kuandika herufi zao kwa mkono kwa sababu wamezoea simu na kompyuta. Basi meseji zikamiminika kama mvua ya Aprili, wengine wanauliza, wengine wananitukana kidogo kwamba nasingizia watu. Nimechagua chache, zile ndefu nimezipunguza.

Habari mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Ntinda, Kampala. Kijana wangu yuko S.2, sekondari mwaka wa pili, na shuleni kwao wanafundisha Kichina. Kila jioni anajaza ukurasa mzima herufi moja tu, hiyo hiyo, mpaka vidole vinamuuma. Juzi namwambia maliza kazi ulale, ananijibu eti mama hata Wachina wenyewe wanaandika kwa simu, sisi tunateswa bure. Nikakosa la kumjibu. Nimwambie nini? – Mama watatu, Ntinda

Mama, kijana wako ana akili na ana uvivu, na hivyo viwili huwa vinakaa nyumba moja bila ugomvi. Alichosema ni kweli nusu.

Hebu chukua neno letu "paa". Kuna paa mnyama wa porini, kuna paa la nyumba, kuna kupaa kwenda juu, na kuna kupaa samaki yani kumtoa magamba. Sisi zote tunaandika p-a-a na msomaji anajijazia mwenyewe kwa kuangalia maneno ya pembeni. Sasa fikiria kila paa ina mchoro wake, huyu mnyama mistari 12, hii ya nyumba mistari 9, na hakuna abc za kukuonyesha matamshi, lazima mchoro mzima uwe kichwani. Hicho ndicho Kichina. Sauti moja "shi", kwa toni hii au ile, yani kupanda na kushuka kwa sauti, inaweza kuwa kumi, jiwe, simba, shairi, mji, na mengine mengi, kila moja na mchoro wake.

Ukiwa na kalamu unautoa mchoro kichwani mstari kwa mstari. Ukiwa na simu unagonga s-h-i kwa abc za kawaida, hiyo wanaita pinyin, halafu simu inakupangia michoro chini ya skrini, unagusa unaoutaka, basi, na wala huna haja ya kumaliza neno, ukigonga n na h peke yake simu inajua unataka ni hao, ile salamu yao. Hapo hujachora kitu, umetambua tu. Na kutambua siyo kukumbuka! Jirani yako ukimwona kwenye stegi ya boda unamjua hata kwa mgongo, lakini nikikupa penseli nikasema mchore, hapo tutacheka wote.

Mimi hili nimeliona kwa macho. Kuna kipindi nilikuwa nashika stoo kwenye saiti moja ya ujenzi, bosi wetu Mchina mtu mzima, msomi, injinia kabisa. Siku moja ananiandikia orodha ya vitu vya kununua mjini, anakwenda vizuri, mara kalamu ikasimama hewani. Akaanza kuchora kwa kidole kwenye kiganja, akafuta, akachora tena, akatazama dari kama jibu liko kwenye mabati. Mwisho akatoa simu, akagonga abc zake, mchoro ukatokea, akaukuza kwa vidole viwili akaunakili kwenye karatasi kama mtoto anayeibia mtihani. Aliponiona namwangalia akacheka kwa aibu akasema ti bi wang zi. Nilikuja kujua baadaye maana yake: inua kalamu, sahau herufi. Yani tatizo ni la wengi mpaka limepewa jina.

Na siyo maneno ya kisomi tu. Herufi ya mwisho kwenye neno la kupiga chafya ina mistari 17, hiyo inawaangusha hata watu wa chuo kikuu. Mwaka 2013 televisheni ya taifa kule, CCTV, ilianza shindano la imla kwa watoto wa shule, na wakawapa watu wazima pia wajaribu, neno lenyewe chura, wengi wakachemka. Watu hao hao ukiwaandikia chura wanasoma mara moja bila kufikiri.

Sasa kijana wako. Mwambie hao Wachina wanaoandika kwa simu walishajaza kurasa zao wakiwa wadogo, mwaka hadi mwaka, wao wanasahau kitu walichokuwa nacho, yeye bado hana cha kusahau. Halafu herufi hizi zina vipande vinavyorudia. Nukta tatu pembeni ni maji, utazikuta kwenye mto 河, ziwa 湖, bahari 海, hata machozi 泪. Mkono ukishavijua vipande hivi jicho nalo linaanza kuvitofautisha, bila hapo kila herufi ni tambi zilizomwagika. Ila na mimi ukurasa mzima wa herufi moja siupendi. Baada ya mara ya kumi mtoto anachora huku anawaza mpira. Mara sita leo, afunge kitabu, kesho aandike bila kutazama, akikosa arudie. Akizishika kama mia tatu hivi kwa mkono, muachie simu.

Ssebo mwalimu, mimi nachapa kadi za harusi na risiti hapa Nasser Road, nimeanzia kwenye taipureta zile za chuma. Sisi abc ni 26 tu zinaenea kwenye kibodi. Hawa wenye maelfu, kabla ya kompyuta walikuwa wanataipu na nini? Na leo kibodi yao ikoje, kubwa kama meza? – Fundi chapa

Fundi, swali lako nimelipenda kuliko yote, na hiyo meza umepatia bila kujua. Taipureta ya Kichina ya zamani haikuwa na vitufe kabisa. Ilikuwa na trei kubwa, ndani yake vipande vya chuma kama 2,500 vimepangwa, kila kimoja herufi moja, na mtaipu anasogeza mkono wa mashine mpaka juu ya kipande anachotaka, anabonyeza, kipande kinanyanyuka kinagonga karatasi kinarudi kitandani. Herufi ikiwa haimo kwenye trei inatafutwa kwenye boksi la pembeni. Mtaipu mzuri alikuwa anajua mahali pa kila kipande kama muuza vipuri pale Kisekka anavyojua boksi la kila nati.

Mwandishi mmoja anaitwa Lin Yutang akatengeneza mwaka 1947 mashine ya vitufe 72 tu. Unabonyeza kitufe cha sehemu ya juu ya herufi, unabonyeza cha sehemu ya chini, kijidirisha kinakuonyesha herufi zinazofanana, unachagua. Yani kuchagua kwenye orodha, kile kitu simu inafanya leo, alikiwaza enzi hizo! Haikuingia sokoni, pesa zikamwishia, na mashine yenyewe ikapotea miaka na miaka mpaka 2025 ikajulikana imekutwa kwenye chumba cha chini cha nyumba moja huko New York. Sasa iko chuo cha Stanford.

Kompyuta zilipokuja watu wakagawanyika. Kuna waliosema tutaipu kwa umbo: Chu Bong-Foo wa Taiwan alitoa njia inaitwa Cangjie mwaka 1976, na Wang Yongmin wa China bara akatoa Wubi mwaka 1983, hii unavunja herufi vipande unabonyeza vitufe visivyozidi vinne. Ina kasi ya ajabu ila kuijifunza ni kazi ya miezi. Na kuna waliosema tutaipu kwa sauti, wakachukua pinyin iliyokuwepo tangu 1958. Ilikuwa kazi ya jopo lenye Zhou Youguang ndani yake, mchumi aliyewahi kufanya kazi ya benki, akaishi mpaka Januari 2017, miaka 111, yani alikaa akaona dunia nzima ya Wachina inagonga kitu alichokitengeneza kwa ajili ya kufundishia matamshi.

Sauti ikashinda, manake kila mtoto anafundishwa pinyin darasa la kwanza na haihitaji mafunzo mengine. Kibodi yao leo ni hii hii yako. Na hapa ndipo mchezo wote ulipobadilika, kwa maoni yangu. Wa Wubi na Cangjie anapotaipu bado anaiwaza sura ya herufi, anaivunja, anaijenga. Wa pinyin anawaza mlio tu, mkono umeondolewa kazini, kazi ikapewa sikio. Tunailaumu kompyuta nzima lakini mwenye kesi ni njia moja ya kutaipu.

Mwalimu, mimi ni wa biashara Kikuubo. Maboksi yanayotoka Guangzhou maandishi yake mepesi, lakini kuna jamaa analeta mzigo wa Taiwan, herufi zimejaa mistari kama kichaka. Ndiyo kompyuta imezipunguza? – Mzee wa maboksi

Hapana mzee, kompyuta haina hatia hapo. Serikali ya China ndiyo ilipunguza, kuanzia 1956, ili watu wengi wajue kusoma na kuandika haraka. Farasi 馬 alikuwa na mistari 10 akabaki 马 mistari 3. Joka 龍 kutoka 16 mpaka 5 龙. Taiwan, Hong Kong na Macau hawakufuata, wakabaki na zile za asili. Wazee wa huko wana utani wao kwenye neno la mapenzi, la zamani 愛 lina moyo 心 katikati, jipya 爱 moyo umetolewa, wanauliza mapenzi bila moyo ni mapenzi gani.

Lakini ona kompyuta imefanya nini kwenye ugomvi huu. Kupunguza mistari kulisaidia pia mkono usichoke. Sasa kwenye kibodi mkono hauchoki, farasi wa mistari 10 na wa mistari 3 wote kwa pinyin unagonga m na a, kazi ile ile! Kwa hiyo wa Taiwan anakwambia kwa nini nibadilishe sasa, na kwa kweli sina jibu la kumpa. Shida ilikuwa tu kwenye skrini za zamani za vinukta vichache, joka la mistari 16 lilikuwa linageuka doa jeusi, ila simu za leo zinaonyesha kila unywele.

Na tukitaja nywele, jihadhari na programu za kugeuza kutoka mepesi kwenda ya asili. Walipopunguza, maneno mawili matatu yalibanwa kwenye herufi moja. "Fa" ya nywele 髮 na "fa" ya kutoa au kustawi 發 zote zikawa 发. Programu ya kizembe ikirudisha inabahatisha, unakuta saluni ya kinyozi ina bango lenye "fa" isiyo ya nywele. "Mian" ya tambi 麵 na ya uso 面 hivyo hivyo, na "hou" ya baada 後 inachanganywa na ya malkia 后. Mtu aliyejifunza kwa mkono anayaona makosa haya kwa mbali, aliyekulia kwenye pinyin anapita tu. Kwa hiyo ukichapisha lebo za kupeleka Taiwan usiache kompyuta iamue peke yake, mpe mtu wa huko asome kwanza.

Na Hong Kong ni kesi yake. Wao wanaongea Kikantoni, pinyin ya Beijing haiwakai mdomoni, kwa hiyo wengi hutumia Cangjie au ile fupi yake, na wazee wanachora kwa kidole kwenye skrini. Taiwan wana alama zao 37 za sauti, siyo abc, mtoto anazijua kabla ya herufi zenyewe.

Mimi ni mchora mabango hapa Gulu, brashi ndiyo ugali wangu, na mashine za kuchapa zinanimaliza. Nilisikia Wachina wanaheshimu sana maandishi ya brashi. Na wao wamemalizwa? – Brashi Moja

Pole ndugu, nakujua unachosema, nimeona mabango ya turubai yalivyojaa hata vijijini.

Kwao brashi ilikuwa ya juu kuliko uchoraji wenyewe. Bingwa wao mkubwa, Wang Xizhi, aliandika mwaka 353 maneno machache kwenye sherehe ya marafiki kando ya kijito wakiwa wanakunywa, na mpaka leo watoto wanaiga mwandiko huo, ingawa karatasi ya asili ilishapotea zikabaki nakala. Wana msemo kwamba mwandiko ni sura ya mtu. Hii inauma zaidi siku hizi manake kwenye simu mwandiko wa daktari na wa mwizi ni mmoja.

Serikali ilishtuka. 2009 sanaa hii iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO, na mwaka 2011 wizara yao ya elimu ikaagiza shule za msingi, kuanzia darasa la tatu mpaka la sita, kuwe na kipindi cha mwandiko kila wiki, sababu waliyotoa ni hiyo hiyo, kompyuta na simu. Mtihani wao mkubwa wa kuingia chuo, gaokao, insha bado inaandikwa kwa kalamu. Na kwenye bustani za Beijing asubuhi utakuta wazee na brashi ndefu kama fagio, wanachovya kwenye ndoo ya maji wanaandika mashairi kwenye sakafu ya mawe, jua linakausha, wanaandika tena. Hakuna anayewalipa.

Ila kuna kazi mpya imezaliwa na hii ikuhusu. Fonti, yani mtindo wa herufi za kwenye kompyuta. Ya abc unachora 26 kubwa, 26 ndogo, na namba, umemaliza. Fonti ya Kichina, ukifuata ile orodha ya msingi waliyoiweka kwa kompyuta mwaka 1980, ni herufi 6,763, na kila moja lazima ikae vizuri ndani ya mraba wake. Kazi hiyo inataka mtu mwenye jicho lililofundishwa na brashi. Mwandiko wako wa mabango, hata abc tu, ungeweza kuwa fonti ukakaa kwenye kompyuta za hao hao wanaokumaliza. Tafuta kijana wa kompyuta pale mjini mzungumze, usiogope.

Kwa hiyo kompyuta inaua tu, haijazaa hata herufi moja? – Mwanachuo, Wandegeya

Imefufua! Kuna herufi 囧, ya zamani sana, maana yake mwanga, hakuna aliyekuwa anaitumia. Mnamo 2008 vijana wakaona inafanana na uso wa mtu aliyeishiwa nauli katikati ya safari, nyusi zimeshuka mdomo wazi, ikaenea kila kona. Angalia tena utaona. Halafu kuna namba, 520 ikisomwa Kichina inakaribia mlio wa nakupenda, na 88 ni ba ba, yani bai bai. Na kosa la kibodi nalo limekuwa neno: badala ya shenme, yani "nini", watu wanaandika kwa makusudi shenma, maana yake farasi wa miujiza. Ukiulizwa "farasi wa miujiza?" wewe jibu tu.

Mwalimu unawacheka Wachina, lakini sisi Waganda je? Mtoto wangu hajui ŋ ni kitu gani. – Muzeeyi wa Masaka

Ssebo hapo umenikamata. Kweli, ŋ ile yenye mkia iko kwenye tahajia ya Luganda, iko kwenye eŋŋoma na eŋŋaano, na kwenye kibodi ya simu nyingi haipo au imefichwa mahali ambapo hakuna anayeenda. Matokeo yake watu wanaandika ng na kikoma juu, au ng tupu, na mtoto akikutana nayo kwenye kitabu anadhani ni n iliyochapwa vibaya. Hakuna aliyekaa kikao akaifuta. Mtengeneza kibodi alikuwa mbali na hakutujua. Wachina angalau ni wengi, soko likawalazimisha watengenezaji wa mashine wawafuate, sisi na ŋ yetu tunajibana tulivyo. Simu nyingi ukiongeza lugha ya Luganda kwenye kibodi inatokea, jaribu, halafu mtumie mtoto meseji yenye eŋŋoma ndani yake uone atajibu nini.

Nafanya kazi na Wachina Hoima, wamenipa jina la Kichina na wanataka niweke sahihi nalo kwenye karatasi zao. Nikitaipu linatoka sawa. Nitoe tu kwenye printa nibandike? – Dada wa Hoima

Dada, sahihi ya kubandika hata kwetu inaleta maswali, achana nayo. Jina kwa kawaida halizidi herufi tatu, jifunze kwa mkono wiki moja linatosha. Muulize mwenzako mpangilio wa mistari, upi unaanza, kwa kawaida juu kwenda chini na kushoto kwenda kulia, manake ukiandika kwa fujo wanaona. Na uliza kila herufi ina maana gani kabla hujaikubali, wengine wana utani. Pia hakikisha wamekupa herufi za kawaida. Kule kwao wapo watu wenye majina ya herufi adimu ambazo mashine za ofisi hazizijui, wanahangaika benki na kwenye tiketi za ndege miaka yote. Mwaka 2013 serikali ilitoa orodha ya herufi 8,105, za kwako zitoke humo, na ikiwezekana zile 3,500 za mwanzo ambazo ndizo za kila siku.

Ukimaliza mpe mtu akague, asiwe wewe. Mfalme ni 王, jiwe la thamani ni 玉, na kati yao kuna nukta moja tu.